Nilivyoisifu Hadithi ya Wifi Yangu

Mtu akiniuliza hadithi gani aanze nayo, humwambia ile ya siwa ya shaba, lile baragumu kubwa. Kisha kabla hajavuka kizingiti humkimbilia nikamshika buibui: la, ngoja, na ile ya barua za miaka kumi na miwili nayo ni nzuri, pengine ni nzuri zaidi, sijui. Watu wameshanizoea. Ndugu yangu husema kuniuliza mimi habari ya kitabu ni sawa na kuuliza ndia kwa watu wawili waliogombana.

Haya ninayoyaandika yalikuwa kabla ya ile vita ya Wazungu. Mwaka siukumbuki, na daftari langu la siku zile halinisaidii, maana nimeandika siku tu: Jumanne, Jumatano, leo mvua, leo shangazi amekasirika. Niliandika kwa herufi za Kiarabu kama tulivyofundishwa katika chuo cha Kurani, na masomo yangu yalikomea hapo hapo chuoni. Pana mahali mwandiko wangu unanishinda mwenyewe. Nikifika hapo nitasema.

Tulikuwa wanawake wanane tukikutana kwa shangazi yangu hapa Amu, kila siku baada ya sala ya adhuhuri, kushona kofia. Zile kofia nyeupe za wanaume, zenye vitundu vidogo vidogo, kila kitundu kizungushiwe uzi chenyewe. Kazi hiyo huumiza shingo na macho, na mtu akiifanya kimya kimya huanza kuwafikiria watu waliomuudhi. Kwa hivyo mmoja wetu alisoma. Na desturi ya nyumba ile ilikuwa kwamba msomaji hashoni. Kofia yake huzunguka chumbani, kila msikilizaji amshonee mstari mmoja kisha arudi kwenye yake. Mtu hakuweza kukosea kofia ya msomaji: kila mstari una mkono wake, huu umekazwa, huu umelegea, na penye hadithi kali vitundu vimekwenda upogo kabisa. Mume wangu alivaa mojawapo msikitini, rafiki yake akamgeuza kichwa mbele za watu, akaweka kidole juu ya sikio lake na kusema, "Hapa bila shaka jini alitokea."

Mahali pa msomaji palikuwa dirishani, kwa ajili ya mwanga. Nilipashika miaka miwili. Nataka kusema kweli juu ya jambo hili, maana ndilo lililoniendesha: nilipapenda kuliko nilivyopenda vipuli vyangu vya dhahabu. Mimi si mtu wa kusikilizwa. Harusini huwekwa karibu na vyombo. Lakini pale dirishani nilikuwa nikisema, "Basi akafungua mlango...", halafu nikimeza mate, na sindano saba zikisimama hewani. Sijui kama kuna mwanamke angeweza kuonja hilo akaliacha kwa hiari.

Wala sikuwa msomaji mzuri. Nasoma kwa kudodosa. Neno refu hulivizia kwanza.

Kisha kaka yangu akaoa Pate, na wifi yangu akaja na sanduku la nguo, mtungi wa samli, na sauti. Sauti yenyewe sijui niieleze vipi. Siku ya tatu shangazi alimwomba atusomee kurasa mbili, kwa adabu tu, mgeni apewe nafasi. Akasoma mzee akawa mzee, mtoto akawa mtoto, na mlango ukalia. Niliandika usiku ule katika daftari: "Mlango ulilia kweli." Na chini yake pana maneno niliyoyafuta kwa wino, nami sitajisingizia wema, nadhani yalikuwa matusi.

Tangu siku hiyo chumba kiligawanyika. Waliokuwa wakinipenda walinitaka mimi, wenye masikio wakamtaka yeye. Na ugomvi haukuwa wa sauti peke yake, ulikuwa pia wa kitabu, kwa sababu tulikuwa tumemaliza hadithi ya mfalme wa chumvi na ilibidi kuanza nyingine itakayotufikisha Ramadhani. Mimi nilikuwa na siwa ya shaba. Mjomba wangu, aliyekuwa karani wa mfanyabiashara mmoja, aliikuta katika jarida la Kiarabu lililofungiwa vikombe ndani ya sanduku, akaitoa kwa Kiswahili jioni baada ya jioni katika madaftari matatu. Wifi yangu naye alikuwa na barua za miaka kumi na miwili, kitabu cha mkono alichopewa na bibi yake, kurasa zake zinanukia udi.

Kila alasiri nikisifu changu, akisifu chake. Siku ya nne shangazi alitua sindano.

"Nyinyi wawili mwatutia mavumbi masikioni," akasema. "Kila mmoja asifu chake tu. Haya, badilishaneni. Wewe chukua cha wifi yako, naye achukue chako. Siku tatu. Jumatano kila mmoja aje atusifie alichokisoma. Kitakachochaguliwa, mwenyewe ndiye akaaye dirishani mpaka Ramadhani."

"Yaani nimsifie yeye kitabu chake, apate kukaa mahali pangu?" nikauliza.

"Mahali pako? Dirisha ni langu mimi."

Binti wa ami yangu akacheka hata akajichoma kidole.

Nilikwenda nyumbani na kitabu cha wifi yangu kwapani, na nia yangu haikuwa safi. Nilikusudia kukisifu kwa baridi. Si kukitukana, kutukana ni dhambi na pia kungejulikana. Nilikusudia kusema, "Ni kizuri, kina mwandiko mzuri." Mtu akisikia kitabu kina mwandiko mzuri hujua kimekwisha.

Nilikifungua Jumapili asubuhi, mchele ukiwa mekoni. Msichana anaozwa mtu aliyesafiri Bara Hindi. Nikaha imefungwa kwa wakili, hawajaonana. Anaandika barua ya kwanza ya haya, mistari minne. Jibu linakuja: mume amemwandikia habari ya mti ulio nje ya dirisha lake huko alipo, jinsi kunguru wanavyougombania. Basi. Habari ya mti! Nikasonya. Barua ya tano nikaacha kusonya. Barua ya tisa mume anamwuliza, je, na wewe huona kwamba mtu akiwa peke yake huimba vibaya zaidi? Nikakaa chini pale pale jikoni. Mchele ukaungua, na mume wangu aliporudi akauliza harufu ile ni ya nini, nikamwambia, "Kwani wewe umewahi kuniandikia barua?" Maskini, tulikuwa tunakaa nyumba moja.

Nilikisoma chote siku mbili. Siku ya tatu nikakirudia kile kipande cha mwisho, nikitembea chumbani na kupiga makofi peke yangu kama mwehu.

Jumatano nilifika wa kwanza. Akaja Bi mmoja wa Kipungani, mzee aliyekuwa akishinda nasi kila alipoleta mikeka yake mjini. Yeye hakushona kofia, alisuka ukili wake pembeni, na herufi hata moja hakuijua, lakini hakuna aliyesikiliza kama yeye. Wakaja na wengine. Wifi yangu akaja wa mwisho, macho mekundu. Nikasema moyoni, amelia kwa hasira, kitabu changu amekichukia, nimekwisha.

Shangazi akamwambia aanze. Wifi yangu hakukaa.

"Mimi," akasema, "siku tatu sikulala vizuri kwa sababu ya mfua shaba."

Akawasimulia. Kuna mfua shaba, amefua siwa kubwa kupita kimo cha mtu, mdomo wake akauelekeza mashariki. Akitia sikio alfajiri husikia maneno yatakayosemwa mtaani kwake kesho. Si sauti za malaika wala nini. Bei ya ndizi. Fulani na mkewe. Mwanzo anatajirika, anajua nani atauza na nani atanunua. Majirani wanajaa mlangoni kama sokoni. Kisha siku moja anatambua jambo: katika maneno yote ya kesho, tangu asubuhi mpaka usiku, hakuna mtu aliyemtaja yeye. Na yeye mwenyewe hajisikii akisema hata neno moja. "Amekufa, basi," wifi yangu akasema kwa sauti ya chini. "Lakini angekuwa amekufa wangelia. Hakuna kilio. Ameweka sikio tena. Amemsikia mkewe. Mkewe anacheka."

Halafu wote wakasema pamoja.

"Anacheka na nani?"

"Astaghfirullah," shangazi akasema. "Kesho ni ya Mwenyezi Mungu. Huyo anajua ghaibu? Kitabu hicho hakiingii nyumbani kwangu."

Hapo mimi ningeshindwa. Nakiri ningeshindwa, maana katika miaka yote niliyokuwa na kitabu kile sikuwa nimelifikiria jambo hilo. Wifi yangu hakubabaika.

"Kesho haijui, shangazi. Asikia maneno ya watu tu. Na maneno ya watu hata wewe huyasikia kabla hayajasemwa. Juzi ulituambia jirani atasema nini juu ya pilau ya harusi, na akasema vile vile, neno kwa neno."

Shangazi alijaribu kubaki na uso wa hasira. Ulimtoka.

"Ngoja kwanza," Bi wa Kipungani akasema. Ukili ulikuwa umemlalia mapajani. "Huyo bwana asikia kwamba kesho samaki hakuna sokoni. Basi haendi sokoni. Sasa ikiwa yeye ndiye aliyekuwa aende akaambiwe hakuna, nani ataambiwa?"

"Mtu mwingine, Bi!"

"Na huyo mwingine naye kaambiwa na mfua shaba asiende?"

"Basi naye haendi."

"Basi sokoni hakuna mtu, na samaki wamejaa!" Bi akasema, akacheka hata shungi likamteleza. "Wallahi nimeipenda nti hiyo isiyo na watu sokoni. Nikajinunulie mimi peke yangu!"

Chumba kizima kikawa sokoni. Huyu anasema siwa ingepasuka, huyu anasema kesho mbili zingegongana kama majahazi, dada wawili jirani zetu wakagombana kama mfua shaba angeweza kuisikia siwa yenyewe ndani ya siwa. Kofia zimeanguka chini. Nilimtazama wifi yangu amesimama katikati, anajibu huku na huku, jasho linamtoka, ananipigania mimi kiti changu kwa nguvu zake zote, nikaona furaha imenipanda kichwani mpaka nikasahau tulikuwa tunashindana.

Shangazi akaniashiria. Zamu yangu.

Nami nikaanza. Sikukumbuka hata kidogo habari ya mwandiko mzuri. Niliwaambia mti na kunguru. Niliwaambia kuimba peke yako. Niliwaambia jinsi barua ya kumi na nne inavyofika imelowa maji ya bahari, maneno yamefutika katikati, na msichana anayajaza mwenyewe kwa kalamu yake, na mumewe akijibu anajibu yale aliyoyajaza. Hapo binti wa ami yangu alishika kifua. Nilikuwa nasema haraka, sidodosi, maneno yanakuja yenyewe. Nikasema, "Na mnajua mume anarudi baada ya miaka kumi na miwili, anaingia ndani, msichana anampa kalamu aandike neno moja tu, na hajui kuandika! Hajui! Barua zote zile zimeandikwa na mama yake, mama mkwe, anayekaa milango mitatu kutoka hapo, aliyekuwa akimwona msichana kila Ijumaa na kumkunjia uso!"

Walipiga kelele hata watu wa chini ndiani wakanyamaza.

"Mama mkwe!"

"Wangu mimi hata salamu hanipi, sembuse barua."

"Basi kaolewa na nani huyo?"

Nilikuwa nacheka nao, mikono juu, na ndipo nikamwona wifi yangu. Alikuwa amefumba mdomo kwa kiganja. Hakukasirika. Alikuwa ananitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama aliyedondosha sahani.

Nilikuwa nimewapa mwisho.

Daftari langu hapa linasema: "Sikukusudia." Kisha chini yake, kwa wino mwingine, kwa hivyo nadhani ni siku ya pili: "Je, sikukusudia?" Nimelifikiria swali hili miaka mingi. Naweza kuapa kwamba nilikuwa nimesahau ushindani wote. Lakini pia naweza kuapa kwamba mwanamke aliyesoma vitabu vingi kama mimi anajua mwisho hauguswi. Wa mfua shaba wifi yangu alikuwa ameulinda kama mtoto mchanga.

Shangazi akauliza nani anataka nini. Watatu wakataka siwa. Watatu wakataka barua, wakisema hata kama mwisho wanaujua, watasubiri kumwona mama mkwe akikunja uso. Akabaki Bi wa Kipungani.

"Barua ni tamu," akasema. "Lakini mwanangu hapa kesha kutulisha na kokwa lake. Mimi nataka kujua yule mke acheka nini."

Basi ikawa siwa. Shangazi akaniambia, "Dirisha ni lako mpaka Ramadhani," na wifi yangu akawa wa kwanza kunipa mkono.

Alhamisi nikakaa dirishani. Mwanga mzuri, madaftari ya mjomba mapajani, wanawake tisa wamenielekea. Nikaanza kusoma, na tangu ukurasa wa kwanza nikaona wanafanya nini. Wananisikiliza mimi na wanamtazama yeye. Kila nilipododosa juu ya neno, macho yalimwendea wifi yangu kuona kama ndipo. Alikuwa ameinamia kofia, anashona haraka haraka, hataki kumtazama mtu. Midomo yake ilikuwa inatangulia maneno yangu.

Nilifika kurasa kumi. Hakuna kofia iliyoanguka. Bi wa Kipungani alisuka dhiraa nzima ya ukili, jambo ambalo halijapata kutokea.

Nikafunga daftari.

"Wifi," nikasema, "njoo usome wewe."

"Mimi? La. Kitabu chako, mahali pako."

"Mahali hapa umenipa wewe. Mimi nilikumwagia kitabu chako."

"Ulisahau tu."

"Huenda. Huenda sikusahau. Mimi mwenyewe sijui, na wewe utajuaje?"

"Nyinyi!" shangazi akasema. "Tumekwisha kukata shauri. Ndiyo haya ya kila siku kubadili?"

"Si nyumba inayobadili, shangazi. Ni mimi ninayetoka." Nikainuka kweli, na moyoni nilikuwa nasema, kaa chini, mjinga wewe, kaa chini. Nataka nieleweke: sikuwa nafanya wema. Au tuseme ulikuwa wema nusu. Nusu nyingine ilikuwa uroho. Kitabu kile nilikuwa nimekisoma mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa nahangaika na herufi, na Jumatano ile, kwa robo saa, nilikuwa nimekisikia. Nilitaka kukisikia tena. Nilikitaka kama mwenye mimba anavyotaka udongo.

Wifi yangu alinitazama, akaona nadhani nusu zote mbili. Akacheka, akavuka mkeka, akakaa dirishani. Mimi nikakaa mahali pake, pana joto bado.

Akarudia tangu mwanzo. Hakuna aliyelalamika.

Na alipofika penye kicheko cha yule mke, hakusema "akacheka". Alicheka. Nami niliyekuwa nimepita juu ya neno lile mara tatu, nikilidhani ni kicheko cha mwanamke mwenye siri mbaya, nikasikia kumbe si hivyo hata kidogo. Kilikuwa kicheko cha mtu anayejichekea kwa aibu baada ya kusema na mtu asiyemjibu. Mfua shaba hakufa wala hakusahauliwa. Kesho, mchana kutwa, atakuwa amekaa hapo hapo, sikio ndani ya shaba, mkewe yuko nyuma yake akimsemesha, na yeye hageuki! Nami nilikuwa najua kwamba ndio mwisho wake, umeandikwa daftari la tatu, lakini kumbe umo humu tayari, katika kicheko, tangu daftari la kwanza, na sikuwa nimeusikia.

"Anasema naye!" nikapiga kelele. "Yuko nyuma yake! Wifi, tangu mwanzo alikuwa..."

Nikapigwa na mto. Mto wenyewe ulitoka kwa Bi wa Kipungani, na mzee yule alikuwa na shabaha.

"Nyamaza wewe!" shangazi akasema. "Utamwaga na hiki? Msomaji anasoma."

Sijawahi kuambiwa maneno hayo chumbani mle, wala sikutegemea yangeweza kunifurahisha. Nikajiziba mdomo kwa ushungi, nikitikisika kwa kicheko, na wifi yangu dirishani akamngoja kila mtu atulie, akameza mate, akaendelea.